Njia za Miguu za Kambi Muru

Watu wengi hudhani ya kuwa barabara ni kitu kilichokuwapo tangu zamani, kama mlima au mto, na kwamba wajibu wa mtu ni kuifuata tu. Sivyo. Kila barabara ina mwanzo wake; yuko mtu aliyeamua upana wake, na wako watu aliowakumbuka na wengine aliowasahau alipokuwa akiipima. Ukitaka kuliona jambo hili, msomaji, twende pamoja Kambi Muru, kijiji kimoja cha Kibera katika jiji la Nairobi.

Jina lenyewe lina habari ndani yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni iliwaruhusu askari wa Kinubi wa jeshi la King's African Rifles wakae katika msitu uliokuwa nje ya mji. Asili ya askari hao ni Sudan, nao waliuita msitu huo Kibra, neno la Kinubi lenye maana ya pori. Kufikia mwaka 1918 ekari 4,197 zilikuwa zimepimwa na kutangazwa kuwa ardhi ya jeshi. Askari hao hawakuwa watu wa kabila moja, na ndiyo maana hata leo twasikia majina kama Kambi Muru, Kambi Lendu na Kambi Aluru, yanayowakumbusha watu wa pande za Sudan ya Kusini, Kongo na Uganda. Kila mmoja alijenga nyumba yake na kulima shamba lake, na baina ya nyumba na nyumba zikatokea njia. Hapana aliyezichora njia hizo. Zilifanywa na miguu: ya mwanamke aendaye mtoni, ya mtoto aendaye chuoni, ya mzee aendaye msikitini.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 watu walikuja Kibera kutoka kila pembe ya Kenya wakitafuta kazi. Vyumba vya udongo na mabati vilisongamana, na njia zikabanwa. Pahali pengi njia na mtaro wa maji machafu vilikuwa kitu kimoja, hata mtu akawa hana budi kutanua miguu, mmoja huku na mmoja kule.

Mji wenyewe ulikuwa umechorwa kwa macho mengine. Mpango Mkuu wa Nairobi wa mwaka 1948, ulioandikwa na wataalamu watatu kutoka Afrika Kusini, Thornton White, Silberman na Anderson, uliugawa mji katika mitaa na kuitenga mitaa hiyo kwa barabara kubwa za magari. Sisemi kwamba wataalamu hao walikosa elimu. Walikuwa nayo tele. Lakini Mwafrika wa siku zile aghalabu hakuwa na gari. Alikwenda kazini kwa miguu, au kwa baiskeli nzito nyeusi akijaliwa, na mtu huyo aliachiwa ukingo wa barabara, penye vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika.

Wakoloni waliondoka, lakini desturi hiyo ilibaki. Barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012, wenda kwa miguu walijengewa madaraja ya kupandia juu, mengine yakiwa mbali na mengine, na wengi wakaendelea kukimbia katikati ya magari huku chini. Watu waliwalaumu kwa uvivu. Mimi naona lawama hiyo si ya haki, kwa maana mtu aliyebeba mzigo au mtoto hufuata njia fupi, kama maji yafuatavyo bonde. Mwaka 2022 ikafunguliwa barabara ya mwendo kasi ya kilomita 27, ambayo mwenda kwa miguu na mpanda baiskeli hawaruhusiwi hata kuikanyaga.

Sasa tazama hesabu. Nairobi, safari 4 au karibu 5 kati ya kila 10 hufanywa kwa miguu tangu mwanzo hadi mwisho. Alfajiri utawaona wakazi wa Kibera wakifuata reli kwenda kazini, wengi wao hadi Viwandani, kwa sababu nauli ya matatu kwenda na kurudi ingemeza sehemu kubwa ya ujira wa siku. Na nchini Kenya watu zaidi ya 4,000 wamekufa barabarani kila mwaka tangu 2021. Waliogongwa wakienda kwa miguu ndio kundi kubwa kuliko yote, yapata theluthi moja au zaidi. Kwa hiyo wale wanaotumia nafasi ndogo kabisa ya barabara ndio walipao gharama kubwa kabisa.

Mwaka 2018 barabara mpya ilifika Kibera, nayo ilikusudiwa kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road. Mamlaka ya Barabara za Miji ilikuwa imekubaliana na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na Tume ya Kitaifa ya Ardhi kwamba wakazi wahesabiwe kwanza na kupangiwa pa kwenda. Kuhesabu kukaanza. Lakini alfajiri ya Jumatatu, tarehe 23 Julai, matingatinga yaliingia chini ya ulinzi wa polisi, yakabomoa nyumba, makanisa na shule katika Mashimoni, Lindi na vijiji jirani. Iliandikwa wakati ule kwamba watu wapatao 30,000 walipoteza makazi. Watoto waliokuwa wakienda shule kwa njia ya vichochoroni walikuta shule haipo, na pahali pa vichochoro pana uwanja mpana wa kifusi. Haja ya barabara haikanushiki, maana gari la wagonjwa na gari la zimamoto hayapiti katika uchochoro. Lakini yafaa tuulize kama haja hiyo ilipaswa kutimizwa kwa namna ile.

Huenda ukafikiri kwamba barabara salama ni bahati ya nchi tajiri. Basi fikiria Uholanzi, inayosifiwa leo kwa baiskeli zake. Mwaka 1971 watu wapatao 3,300 waliuawa barabarani katika nchi hiyo ndogo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Mwandishi mmoja wa magazeti aliyefiwa na binti yake aliandika makala ya kudai mauaji ya watoto yakomeshwe. Wazazi wakaandamana, wakafunga mitaa ili watoto wacheze, na pole pole serikali ikabadili namna ya kuichora mitaa.

Kwetu pia mabadiliko yamejaribiwa. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitoa sera ya kutenga asilimia 20 ya fedha za ujenzi wa barabara kwa ajili ya wenda kwa miguu na wapanda baiskeli. Mwaka 2019 Luthuli Avenue, iliyokuwa imejaa magari na honi, ilifanywa ya upande mmoja. Njia za miguu zikapanuliwa, miti ikapandwa. Gari halikufukuzwa, lilipunguziwa nafasi tu.

Hapa yafaa mwanafunzi akumbuke somo la fizikia. Nguvu ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi: gari liendalo kilomita 60 kwa saa lina nguvu mara nne ya lile liendalo 30. Ndiyo sababu agongwaye kwa kasi ya 30 aghalabu hupona. Na dereva huongozwa na umbo la barabara kuliko maandishi ya kibao. Mpe barabara pana iliyonyoka, atakimbia. Iwe nyembamba, kivuko kiinuliwe kama tuta, atapunguza hata bila kuambiwa.

Katika Kambi Muru yenyewe kazi ingekuwa nyingine kidogo, kwa kuwa huko hatari ni pikipiki za bodaboda, giza na mitaro kuliko malori. Mtaro ukifunikwa kwa vibao vya zege, pahali pale pale palipokuwa na uchafu pawa njia kavu, na baiskeli yapita bila kumsukuma mtu ukutani. Taa ndefu ambazo wakazi huziita mulika mwizi zamfaa mwanamke arudiye usiku kuliko lami nyingi.

Liko jambo gumu zaidi. Mwezi Juni mwaka 2017 jamii ya Wanubi ilipewa hati ya ekari 288 kati ya zile 4,197 za zamani, baada ya kudai kwa miaka mingi. Wenye hati na wapangaji wa vyumba hupita njia zile zile. Njia ikipanuliwa mita moja, mita hiyo yatoka katika chumba cha mtu, na aghalabu ndicho chumba chake pekee. Basi mpimaji ajaye na utepe wake ana swali la kumwuliza aliye ndani kabla hajaweka alama ya rangi ukutani, nalo ni la mahali atakapolala usiku utakaofuata.