Fahamu viumbe wa seli moja wanaofuga mwani mwilini

WAKAZI wa Machakos, wanaotegemea mabwawa kama vile Maruba na Masinga, wamezoea kuona maji yakigeuka kijani. Wengi hudhani kwamba rangi hiyo ni mwani unaoelea tu. Hata hivyo, katika maji baridi kote duniani wamo viumbe wa seli moja ambao si mwani, bali ni kijani kwa kuwa wamehifadhi mwani ndani ya miili yao.

Anayefahamika zaidi ni Paramecium bursaria, mwenye urefu wa takriban sehemu ya kumi ya milimita. Ndani yake huishi mamia ya seli za mwani, kila moja katika kijifuko kinachoizuia isimeng'enywe. Mwani hutumia mwanga wa jua kutengeneza sukari na oksijeni. Mwenyeji naye huupa kaboni na naitrojeni, na kuupeleka penye mwanga. Aidha, huukinga dhidi ya virusi vinavyoushambulia pindi utokapo nje.

Kwa darubini, mwani huu huonekana kama viduara vya kijani vinavyofanana. Ndiyo maana wanasayansi waligeukia uchunguzi wa molekuli. Hutoa DNA, husoma jeni za ribosomu, kisha hulinganisha mpangilio wake. Njia hiyo imebainisha kuwa wapangaji wa Paramecium bursaria si wa spishi moja: wamo Chlorella variabilis na Micractinium conductrix, miongoni mwa wengine. Jenomu ya Chlorella variabilis, yenye jeni 9,791, ilichapishwa mwaka 2010.

Katika Afrika Mashariki, mfano mashuhuri ni Ziwa Tanganyika. Watafiti Robert Hecky na Hedy Kling, waliochunguza maji yake mwaka 1975 na kuchapisha matokeo mwaka 1981, walikuta kwa wingi kiumbe wa jamii ya Strombidium aliyebeba mwani. Nyakati nyingine uzito wa viumbe wa seli moja ulilingana na ule wa mwani unaoelea.

Jambo hili linagusa kitoweo cha mamilioni ya watu. Dagaa wa ziwa hilo hutegemea chakula kinachoanzia kwa viumbe hawa wadogo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa ongezeko la joto lilikuwa limepunguza uzalishaji huo kwa asilimia 20 hivi. Anayehesabu mwani unaoelea pekee huacha nje sehemu ya wazalishaji.

Kwa mtumiaji wa maji ya bwawa, funzo ni kwamba rangi pekee haitoshi kuwa ushahidi. Kijani kinaweza kutokana na viumbe wasio na madhara, au na bakteria wa kijani-samawati, ambao baadhi yao hutoa sumu isiyoondolewa kwa kuchemsha maji. Jicho haliwezi kuwatenganisha. Vipimo vya maabara, vikiwemo vya jeni, vinaweza.