Pamba ikishauzwa, twende Saanane

Mvua ikinyesha Meatu, sehemu ya maji yake hushika njia ya Mto Simiyu na kuishia Ghuba ya Speke, katika Ziwa Victoria. Henry Morton Stanley, aliyefika kusini mwa ziwa hilo mwaka 1875, aliuhesabu mto huo kuwa chanzo cha Nile kilicho mbali kuliko vyote upande wa kusini. Watu wa Kimali, huko huko Meatu, nao wamekuwa wakienda ziwani tangu zamani, ila kwa shughuli: kuuza ng'ombe, kutafuta matibabu, kuona ndugu. Kwenda na mke na watoto ili kukaa tu, kula na kutazama maji, ni desturi changa. Ukifuata historia yake utafika kwenye kisiwa kidogo cha miamba, mbele ya jiji la Mwanza.

Kupumzika kwenyewe hakukuletwa na mgeni. Usukumani, mavuno yakishaingia ghalani, ulikuwa msimu wa mbina, yaani ngoma za mashindano. Vyama vya Bagalu na Bagika, vinavyokumbuka majina ya waganga wawili wa karne ya 19, Gumha na Ngika, vilitambiana kwa ngoma na dawa, na aliyevuta umati mkubwa ndiye aliyeshinda. Familia nzima zilitembea kwenda kushuhudia. Kalenda ya starehe ilikuwa kalenda ya shamba, na kwa kiasi kikubwa bado iko hivyo.

Kilichobadilika ni pesa na njia. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na pamba ikawa na njia ya kwenda bandarini. Mwaka 1955 wakulima waliunganisha vyama vyao katika shirikisho la ushirika la Victoria, Paul Bomani akiwa kiongozi wao, na malipo ya pamba yakaanza kupitia mikononi mwa wenyewe. Mwanza ikawa mji wa mkulima pia: ndiko alikonunua baiskeli, mabati na vitenge. Lakini aliyekwenda kununua alirudi siku ileile akiweza, na watoto walibaki nyumbani na mifugo.

Kisiwa kile cha miamba mbele ya jiji kilikuwa cha Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima ambaye jina lake limebaki hapo hadi leo. Miaka michache baada ya Uhuru serikali ilikichukua, na mwaka 1964 ikafungua hapo bustani ya kwanza ya wanyama nchini. Lengo lake lilikuwa kumfundisha mwananchi wa kawaida thamani ya wanyamapori. Kilikuwa pia kituo cha mapito: baadhi ya wanyama walishikiliwa hapo kabla ya kuvushwa kwenda kisiwa cha Rubondo, kusini-magharibi mwa ziwa, ambako Profesa Bernhard Grzimek wa Frankfurt aliwaachia huru sokwe 17 kati ya mwaka 1966 na 1969. Rubondo ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Saanane ilisubiri: ilitangazwa pori la akiba mwaka 1991, kisha hifadhi ya taifa mwaka 2013, ikiwa ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18, maji yakiwemo.

Lengo hilo la kumfundisha mwananchi ndilo linaloitofautisha Saanane na visiwa tunavyoviona kwenye matangazo. Fukwe za Karibea zilijaa hoteli baada ya ndege za jeti kuwafikisha Wamarekani na Wazungu kwa wingi. Unguja nayo ilifuata njia hiyo kuanzia mwishoni mwa karne iliyopita. Huko mgeni alitangulia, mwenyeji akaajiriwa. Saanane ilimtanguliza mwenyeji, na kundi la wanafunzi wenye sare likishuka kwenye boti ni jambo la kawaida pale.

Kwa mtoto wa Meatu somo hilo la wanyamapori lina uzito wa pekee. Wilaya hiyo inapakana na Pori la Akiba la Maswa, lililoanzishwa mwaka 1962, na ndovu anajulikana huko kwa mahindi na mtama aliokula usiku. Kisiwani mtoto huyo anamwona swala pala akilisha chini ya mwamba, pelele wakiota jua na tumbili wakivizia chakula, bila mtu yeyote kupiga debe kuwafukuza. Ni mara chache anapata nafasi ya kumtazama mnyama bila kuhesabu hasara.

Woga wa maji upo, na una sababu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu walikufa. Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara. Kuvuka kwenda Saanane kutoka Capri Point ni dakika chache tu, lakini mzazi wa bara ana haki ya kudai jaketi la kuokolea maisha kwa kila mtoto kabla boti haijaondoka. Kuogelea ni jambo lingine: kichocho kingalipo ufukweni mwa ziwa hili na mamba wapo, kwa hiyo raha ya hapa ni kupanda miamba, kuvua samaki na kula pamoja kivulini.

Njia siku hizi ni nyepesi kuliko ilivyokuwa kwa babu zetu. Lami imeunganisha Bariadi na Lamadi, ambako mkoa wa Simiyu wenyewe unagusa ziwa, na kutoka hapo barabara kuu inapita Magu hadi Mwanza. Msimu wa kuuza pamba kwa kawaida hufunguliwa Mei, na shule hufungwa Juni. Siku za mapumziko zinakutana na pesa kama zilivyokutana enzi za mbina. Kiingilio cha Mtanzania hulipwa kwa shilingi, kwa bei ya mwenyeji, na hilo linaendana na wazo la mwaka 1964. Familia ya Kimali ikiweka kando nauli kabla fedha ya pamba haijagawanywa kwa madeni, itakuwa inatumia kisiwa hicho kwa kazi kiliyotengewa.