PS Tuliipenda, Lakini Gemu Zetu Zilienda Kwa Simu

Wasee, juzi kulikuwa na ubishi kwenye kibanda cha gemu hapa Kipsongo. PS2 kuukuu, TV ya kichogo, padi moja imefungwa selotepu, na watoto wamepanga foleni, kila mmoja na kumi bob yake mkononi. Rafiki yangu, ambaye anajifunza kuprogramu kwa laptopu ya kuazima, akatangaza: "Siku moja nitatengeneza gemu ya Kitale, na itakuwa ya PS!" Kibanda kizima kikashangilia. Mimi nikamuuliza, kwa nini PS? Akaninunia mpaka tukafunga.

Lakini hilo swali si geni. Wakenya wengine walishalijibu kabla yetu, na hebu tuangalie walifikia wapi.

Mwaka 2007 Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya 3D ambayo shujaa wake ni mwanamke anayesaka vitu vya kale vya Kiafrika. Ilikuwa ya kompyuta. Ukifikiria hali ya wakati huo, inaeleweka. Kutengeneza gemu ya PlayStation lazima ujisajili kwa Sony, ukubaliwe, upewe mashine maalum ya watengenezaji. Kompyuta haikuulizi barua. Unaandika kodi, unachoma CD, unauza. Shida ni moja tu: 2007 ni nyumba ngapi Kenya zilikuwa na kompyuta ya kuvuta 3D? Wengi wetu tuliijua kompyuta ya saiba, na pale unalipa kwa dakika.

Mwaka 2009 Kirinya na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha studio ya Leti, mguu mmoja Nairobi na mwingine Accra. Hawa wakaelekea kwa simu. Kufikia 2014 walikuwa na Africa's Legends, gemu ya simu yenye mashujaa kama Ananse na Shaka. Nairobi pia kulikuwa na Planet Rackus, waliotoa Ma3Racer, gemu ya matatu, kwa simu za Nokia. Ilikuwa akili sana. Nokia ilikuwa mfukoni mwa kondakta, mama mboga na mwalimu. PS ilikuwa sebuleni mwa watu wachache.

Sasa skiza hapa ndipo historia inauma. Februari 2011 Nokia ilitangaza kwamba inaiacha Symbian na kuhamia Windows Phone. Miezi hiyo hiyo Safaricom ilikuwa inauza Huawei IDEOS, simu ya Android, kwa takriban Sh 8,000. Kufikia 2015 duka la programu la Nokia lilikuwa limefungwa na wateja wake kuelekezwa kwa duka la Opera. Yaani unaweza kuchagua simu iliyo mkononi mwa kila mtu, na bado ikufie ukiwa umeipanda. Hata wenzetu wa Kamerun, Kiro'o Games, walitoa Aurion ya kompyuta mwaka 2016, na baadaye wakageukia simu. Hakuna aliyechagua mara moja akamaliza.

Kwa hivyo nilirudi kibandani nikiwa na jibu tayari: simu, buda, simu! Halafu nikaangalia ile foleni nikanyamaza. Wale watoto hawana simu. Simu ni ya mamao, ina nywila, na bando ni ya kuulizia kazi. PS2 ya kibanda ndiyo mashine pekee wanayoshika, kwa sababu kumi bob inatosha. Rafiki yangu hakuwa anaota tu. Alikuwa anawaona.

Lakini pia yeye kuna kitu hakuona. Sony iliacha kutengeneza PS2 tangu 2013. Na CD za pale nyingi ni za kunakili, kwa hivyo aliyetengeneza gemu hapati hata ndururu. Ukiwa mtengenezaji, hicho kibanda kinakupa mashabiki bila chapati.

Maoni yangu ni haya. Kabla hujachagua mashine, uliza mambo matatu: iko mkononi mwa nani, pesa inapitia wapi, na ikifa utahamia wapi. Kwangu mimi jibu la leo ni gemu nyepesi ya Android, isiyokula bando, inayochezeka na watu wawili kwa simu moja, ili mwenye kibanda aweze kununua simu mbili kuukuu na kukodisha kwa hiyo hiyo kumi bob. Na kodi iandikwe vizuri, siku ya kuhama isiwe kuanza upya.

Nilimwambia hivyo. Akakaa kimya, kisha akamwita mtoto wa mwisho kwenye foleni akamuuliza, "Wewe ungetaka gemu ya nini?" Mtoto akajibu bila kufikiria: "Ya boda."

Sasa tunaanza na boda.