Vipigo 19 vya Sugar Ray Robinson

Usiku wa tarehe 5 Februari 1943, mjini Detroit, Jake LaMotta alimtandika Sugar Ray Robinson makonde yaliyomtupa nje ya kamba. Ilikuwa raundi ya nane. Mwamuzi alishahesabu hadi tisa kengele ilipolia. Robinson alimaliza pambano akiwa wima, lakini alipigwa kwa pointi, na ushindi wake wa mara 40 mfululizo tangu aingie kwenye ngumi za kulipwa mwaka 1940 ukakatika. LaMotta alikuwa amemzidi kwa kilo zipatazo saba.

Bingwa wa siku hizi akila kipigo kama hicho hupotea miezi kadhaa, hufukuza kocha, kisha hutafutiwa bondia laini wa kumrudishia jina. Robinson alipanda ulingoni New York tarehe 19 ya mwezi huohuo, akampiga Jackie Wilson. Tarehe 26 alikuwa Detroit tena, uso kwa uso na LaMotta yuleyule. Raundi ya saba akaangushwa, akahesabiwa hadi tisa, akainuka na kushinda kwa pointi. Kesho yake akaingia jeshini.

Wiki hizo tatu zinatosha kuanzishia ubishi wa nani hasa ni bondia mkubwa, ubishi ambao leo watu hupenda kuumaliza kwa namba moja: amepigwa mara ngapi? Kwa kipimo hicho Robinson, mwenye vipigo 19, hafui dafu mbele ya Floyd Mayweather aliyestaafu na 50 bila doa, wala Rocky Marciano aliyeacha na 49 mwaka 1956. Mimi kipimo hicho sikikubali, na sababu imo kwenye rekodi zenyewe ukizisoma mstari kwa mstari.

Marciano hakukwepa mtu. Aliwapiga waliokuwepo, ila wengi wao jua lilikuwa linawachwea: Joe Louis alikuwa na miaka 37, Jersey Joe Walcott 38. Na kwa Walcott, Septemba 1952, Marciano alikuwa nyuma kwenye kadi zote tatu hadi raundi ya 13, ndipo mkono mmoja wa kulia ukamaliza kazi. Konde lile lingepita pembeni, huenda leo hakuna ambaye angeitaja 49. Mayweather naye alikuwa fundi wa kujikinga ambaye sijaona wa kumfananisha naye katika kizazi chake. Lakini Manny Pacquiao alikutana naye Mei 2015, baada ya mivutano ya miaka zaidi ya mitano, wakati Pacquiao alishalazwa na Juan Manuel Márquez. Na ushindi wa 50 ulipatikana kwa Conor McGregor, mtu ambaye alikuwa hajawahi kupigana hata pambano moja la ngumi za kulipwa.

Enzi za Robinson kupigwa kulikuwa sehemu ya kazi. Bondia alilipwa kwa kupigana, kwa hiyo alipigana, mara nyingine zaidi ya pambano moja kwa mwezi. Ndiyo maana rekodi yake inapita mapambano 190, na ndiyo maana alikutana na LaMotta mara sita na kushinda tano, la mwisho likiwa la Februari 1951 mjini Chicago, alipomnyang'anya ubingwa wa uzani wa kati. Julai mwaka huo Randolph Turpin alimpiga London. Septemba Robinson akamrudia New York na kumsimamisha raundi ya kumi, damu ikimtoka juu ya jicho.

Kipigo cha tatu ndicho ninachokipenda kukisimulia. Juni 1952 Robinson aliamua kupanda uzani na kumfuata Joey Maxim, bingwa aliyemzidi tena kwa kilo saba, katika uwanja wa Yankee. Joto la ulingoni lilifika nyuzi 40. Mwamuzi Ruby Goldstein alizidiwa, akabadilishwa baada ya raundi ya kumi. Robinson aliongoza kwenye kadi zote, lakini raundi ya 13 alirusha ngumi, ikakosa, akaanguka kifudifudi kwa uchovu. Raundi ya 14 hakuweza kuinuka kwenye kiti. Rekodi inasema alisimamishwa. Haisemi kwamba kilichomsimamisha ni joto.

(Wakenya wanaujua udhaifu huu wa matokeo. Mexico mwaka 1968 Philip Waruinge alishindwa na mwenyeji Antonio Roldán kwenye nusu fainali, akaambulia shaba, kisha akapewa tuzo ya Val Barker kama bondia bora wa Olimpiki nzima.)

Robinson alipostaafu mwishoni mwa 1952 alikuwa amepoteza mapambano matatu tu kati ya zaidi ya 130. Vipigo vingine 16 vyote ni vya baada ya kurudi mwaka 1955. Katika miaka hiyo alitwaa tena ubingwa wa uzani wa kati, mara ya mwisho mwaka 1958 akikaribia miaka 37, kisha akaendelea kupigana hadi Novemba 1965, akiwa na miaka 44 na fedha zimekwisha. Kuvihesabu vipigo vya mzee huyo sawa na vya kijana wa 1943 ni uvivu.

Anayetaka kumshusha Robinson ana hoja bora zaidi ya hiyo 19. Amuulizie Charley Burley wa Pittsburgh, bondia mweusi wa zama zake ambaye Archie Moore, aliyepigwa naye mwaka 1944, alimtaja kuwa bora kuliko wote aliowahi kukutana nao. Robinson na Burley hawakupigana kamwe. Burley hakupewa nafasi hata moja ya kugombea ubingwa wa dunia, akaishia kuzoa taka za jiji la Pittsburgh, na pambano hilo halimo kwenye safu yoyote ya rekodi ya Robinson, si ya ushindi wala ya vipigo.