Urithi wa Milima Yetu ya Buha

Wageni wafikao Kibondo na Kasulu huona nyumba za bati, makanisa, shule, na watoto wasemao Kiswahili. Basi hudhani ya kuwa mila za Waha zimekwisha. Hata baadhi yetu twadhani hivyo. Lakini si kweli. Yako yaliyokufa, na yako yaliyo hai. Nasi twapenda kuwaeleza wasomaji wetu kwa nini haya yalikufa na yale yakasalia, kwa maana asiyejua sababu ya mauti hawezi kukilinda kilicho hai.

Hapo kale Buha haikuwa na mfalme mmoja. Ilikuwapo Heru katika Kasulu, Muhambwe na Buyungu upande wa kaskazini, na nchi nyingine kadhaa, kila moja na mwami wake. Bami hao walikuwa wa koo za Watutsi, wenye ng'ombe wa pembe ndefu. Mtu wa kawaida aliyetaka ng'ombe na ulinzi aliingia katika ubugabire: alipewa ng'ombe wa kutunza, naye akamtumikia mwenye ng'ombe na kumheshimu kwa zawadi. Wakuu wa nchi hii waliogopwa mbali. Mwaka 1871, Stanley alipokuwa akimtafuta Livingstone, alitozwa hongo nyingi alipopita Buha, hata mwisho akaondoka kwa siri usiku pamoja na wapagazi wake, ili asitozwe tena.

Lakini chini ya mwami alikuwapo mtu mwingine, aliyetoka katika Waha wenyewe. Huyo ni muteko. Yeye hakuwa na ng'ombe wengi wala askari. Nguvu yake ilikuwa kuijua ardhi. Alijua mipaka ya mashamba, akampa mgeni mahali pa kulima, akaamua magomvi ya viwanja. Tena aliziendea pepo za nchi ziitwazo ibisigo, akizisihi kwa ajili ya mvua na mavuno.

Mambo haya yalivunjikaje? Hayakuvunjika kwa siku moja. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi, na utajiri wa wakubwa ukapungua. Wadachi wakaja, tangu 1916 hata 1921 nchi yetu ikawa mikononi mwa Wabelgiji, kisha Waingereza wakatawala. Katika miaka ya 1930 ulizuka ugonjwa wa malale, na serikali ikawakusanya watu wengi mahali pamoja, mbali na mapori yenye mbung'o. Vijana wakaenda Tanga kukata mkonge. Jembe la dukani lilipoingia, tanuru za kuyeyushia chuma zikazimika. Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyekalia kiti cha Heru tangu 1946, alikuwa miongoni mwa watawala wa mwisho, kwa kuwa mwaka 1963 sheria ilikomesha utawala wa machifu katika Tanganyika. Ndipo mwaka 1972 ikaanza Operesheni Kigoma: watu waliokaa mbalimbali juu ya milima wakahamishiwa vijiji vya pamoja. Shule, zahanati na barabara vikakaribia, nasi twashukuru. Lakini mashamba ya zamani yaligeuka mapori, na muteko akabaki na elimu ya mipaka isiyo na wenyewe.

Basi, ni nini kilichosalia? Kimesalia kile ambacho watu hukitumia kila siku. Asubuhi twaamkiana "Mwakeye," na jioni "Mwidiwe". Na mwenye adabu huinama na kupiga makofi taratibu mbele ya mzee. Wafugaji wa nyuki wangali wakitundika mizinga katika miti ya miyombo. Jina la Muhambwe limekuwa jina la jimbo la uchaguzi. Na lugha yetu i hai: wakimbizi wa Burundi walipokuja kwa wingi mwaka 1993, na tena mwaka 2015, Mha na Mrundi walielewana pasipo mkalimani, kwa kuwa Kiha na Kirundi ni ndugu.

Jambo hili halikutupata sisi peke yetu. Huko Ulaya, katika milima ya Alps, liko kabila dogo liitwalo Walser. Wazee wao walitoka bonde la Wallis katika Uswisi, yapata miaka 800 iliyopita, wakapanda mabonde ya juu yenye theluji, ambako wengine hawakutaka kukaa. Kwa kuwa walifyeka nchi ngumu, mabwana wa nchi waliwapa haki ya kuikalia wao na watoto wao. Leo wajukuu wao wametawanyika katika Uswisi, Italia, Liechtenstein na Austria. Katika kijiji cha Triesenberg, huko Liechtenstein, lugha yao yasemwa hata sasa. Lakini katika mabonde ya Italia wasemaji wamepungua sana, kwa kuwa watoto walikua wakisema Kiitaliano.  Wazazi waliacha kuisema.

Msomaji Mkristo aweza kuuliza: Je, twaitwa kurudia ibisigo? La, hasha. Tumwombaye mvua ni Mungu aliyezifanya mbingu na nchi. Lakini mtu apepetaye mtama huyatupa makapi, wala hautupi mtama. Kuziabudu pepo ni jambo moja. Kujua mpaka wa jirani, kumkaribisha mgeni kwa haki, na kupatanisha wagombanao ni jambo jingine. Torati yenyewe ilikataza kusogeza alama ya mpaka wa jirani. Katika kazi hiyo muteko aliitunza amani ya nchi. Na leo, magomvi ya mashamba yanapoongezeka, twauona upungufu wake.

Kwa hiyo, ndugu zetu, twawasihi mambo mawili. La kwanza, semeni Kiha na watoto nyumbani. Kiswahili watakipata shuleni, wala kimoja hakimfukuzi mwenzake. La pili, nendeni kwa wazee waliozaliwa juu ya milima kabla ya kuhamishwa. Waulizeni majina ya vilima, vijito na mahame, na nani alipakana na nani. Kisha yaandikeni katika daftari pamoja na jina la msemaji. Waliokuwa vijana mwaka 1972 ni wazee leo, na kila mwaka twawazika wengine wao. Daftari moja la bei ndogo laweza kuhifadhi kilima kizima. Nalo likikosekana, kilima kitabaki, lakini hakitakuwa na jina.