Mashine ya CNC inachonga vibaya? Kagua haya kabla hujaharibu ubao

Mchoro kwenye kompyuta unapendeza: ua katikati ya mlango, fremu safi, vipimo vyote sawa. Fundi anabonyeza kitufe cha kuanza, mashine inanguruma, na dakika moja baadaye biti imekatika, ubao wa mninga umetobolewa na mteja anapiga simu kuulizia mzigo wake.

Mara nyingi mashine si mbovu. Kosa limejificha kwenye faili, kwenye programu ya kuchorea au kwenye namna programu ilivyotafsiri mchoro kwenda kwenye mashine. Yafuatayo ni matatizo yanayowasumbua wengi wanaotumia ruta za CNC, na jinsi ya kuyamaliza.

1. Mchoro umekuwa mkubwa au mdogo kupita kiasi

Chanzo karibu kila mara ni inchi na milimita. Inchi moja ni milimita 25.4. Mlango uliochorwa kwa milimita 2,100 ukifunguliwa na programu inayosoma inchi, unageuka kuwa na urefu wa zaidi ya mita 53! Kinyume chake pia hutokea: kitu cha milimita 300 kilichohifadhiwa kwa inchi kinaingia kikiwa na milimita 11.81 tu.

Faili za STL ndizo zenye mtego zaidi, kwa sababu hazibebi kipimo chochote, ni namba tupu. Dawa ni rahisi: baada ya kufungua faili, pima kitu kimoja unachojua ukubwa wake. Kikiwa kidogo mno, zidisha mchoro wote kwa 25.4. Kikiwa kikubwa mno, gawanya kwa 25.4.

Kwenye msimbo wa G wenyewe, angalia mistari ya mwanzo. G21 maana yake milimita, G20 maana yake inchi. Kama hakuna hata mmoja, mashine itatumia kipimo ilichokuwa nacho mara ya mwisho, na hapo ni bahati nasibu.

2. Programu inakataa kutengeneza njia ya biti

Mtumiaji anachagua umbo, anabonyeza, na programu inasema umbo halijafungwa. Kwa macho linaonekana limefungwa kabisa. Kumbe kuna pengo dogo kuliko unywele kati ya mistari miwili, au mistari miwili imelaliana mahali pamoja.

Kwenye AutoCAD, anza na amri ya OVERKILL ili kufuta mistari iliyorudiwa, kisha tumia PEDIT na uchague Join ili kuunganisha vipande kuwa mstari mmoja. Programu nyingi za kuchonga nazo zina kitufe cha kuunganisha mistari iliyo wazi. Ruhusu pengo dogo tu, mfano milimita 0.1. Ukiweka kubwa sana, programu itaunganisha hata mistari isiyohusiana.

Kama mchoro umetokana na picha ya simu iliyogeuzwa kuwa mistari, tegemea maelfu ya vipande vidogo vidogo. Wakati mwingine kuchora upya juu ya picha hiyo ni haraka kuliko kusafisha.

3. Vipande havikai, vimepungua kidogo

Hapa mshukiwa ni kipenyo cha biti. Biti nyingi zinazoitwa za milimita 6 ni za robo inchi, yaani milimita 6.35. Ukiandika 6 kwenye programu, biti itakula milimita 0.175 zaidi kila upande, na kipande kitapungua milimita 0.35 kwa jumla. Kwa ua la mapambo hakuna atakayegundua. Kwa viungo vya droo, vitacheza.

Usiamini maandishi kwenye boksi. Pima biti kwa kalipa, kisha andika kipimo halisi.

Jambo lingine: biti ya duara haiwezi kuchonga kona ya ndani yenye pembe kali. Biti ya milimita 6 huacha mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 3. Kama kipande kingine kinatakiwa kuingia hapo, ongeza tundu dogo la duara kwenye kona wakati wa kuchora, au malizia kwa patasi.

4. Biti imezama ghafla kwenye ubao

Hili ndilo kosa la gharama kubwa kuliko yote. Programu huuliza sifuri ya Z iko wapi: juu ya ubao au juu ya meza. Mchoraji akichagua juu ya ubao, halafu aliye kwenye mashine akaweka sifuri juu ya meza, basi ni balaa. Mashine ikiambiwa iende kwa kasi kwenye urefu wa milimita 5 ambao ni "salama", itapita ndani ya ubao wa milimita 18 kama haupo.

Kosa la kinyume halina hasara kubwa, kwani biti inazunguka hewani tu bila kugusa kitu.

Kama mchoraji na anayeendesha mashine ni watu wawili, wakubaliane njia moja na kuiandika kwenye jina la faili. Kisha kila kazi ianze kwa kuchonga hewani: pandisha sifuri ya Z juu ya ubao kwa kiasi kinachozidi kina cha kuchonga, endesha programu, tazama njia, halafu rudisha sifuri mahali pake. Dakika hizo chache ni nafuu kuliko ubao mpya.

5. Mashine inatoa namba za makosa

Ruta nyingi ndogo zinaendeshwa na GRBL. Namba zake zina maana:

- error:9 – mashine imefungwa baada ya tahadhari. Kagua usalama kwanza, kisha irudishe nyumbani au ifungue.
- error:20 – kuna amri ambayo GRBL haiifahamu. Mara nyingi ni M6, amri ya kubadilisha biti.
- error:33 – hesabu ya mviringo haikubaliki.
- ALARM:2 – njia inapita nje ya eneo la mashine. Kagua sifuri na ukubwa wa mchoro.

Kwa error:20 na error:33, chunguza kwanza postprosesa, yaani sehemu ya programu inayotafsiri njia ya biti kuwa lugha ya mashine husika. Postprosesa ya mashine nyingine inaweza kuleta amri zisizoeleweka, au miduara mikubwa ya ajabu kwenye skrini. Chagua inayolingana na kidhibiti chako, toa faili upya, wala usianze kufuta mistari kwa mkono kwa kubahatisha.

6. Ubao unaungua au biti zinakatika ovyo

Kanuni ni hii: mwendo wa biti = mizunguko kwa dakika × idadi ya meno × unene wa kipande kinachokatwa na kila jino. Mfano, mizunguko 18,000, meno 2 na unene wa milimita 0.1 vinatoa milimita 3,600 kwa dakika.

Wengi wakiona moshi wanapunguza mwendo. Mara nyingi hali inazidi, kwa sababu biti inasugua badala ya kukata. Tazama kinachotoka: kwenye mbao, vipande vidogo ni dalili njema. Vumbi laini kama unga na harufu ya kuungua humaanisha mizunguko ni mingi mno, mwendo ni mdogo au biti imeisha makali. Mashine ikiwa dhaifu, punguza kina cha kila mpito badala ya kuibana.

7. Mchongo umehama katikati ya kazi

Kabla ya kuanza, weka alama mahali pa X0 Y0. Kazi ikiharibika, rudisha biti hapo. Isipofika kwenye alama, mashine imepoteza hatua: kagua mikanda, skrubu zilizolegea na kasi iliyozidi. Ikifika sawasawa, kagua kama ubao ulisogea kwenye vibano, kisha rudi kwenye faili.

8. Umeme umekatika

Kwenye AutoCAD, faili iliyoharibika jaribu kuifungua kwa RECOVER. Pia tafuta faili yenye jina hilohilo inayoishia na .bak, inakili, kisha badilisha mwisho wake uwe .dwg.

Kwa mashine, usibonyeze tu kuendelea. Pandisha biti, rudisha mashine nyumbani na uhakiki sifuri. Ukianzia katikati ya faili, hakikisha amri za mwanzo zimesomwa tena: kipimo, sifuri, mwendo na kuwasha mota ya biti. Mota isipozunguka, biti itaingia ubaoni ikiwa imesimama, na itakatika.

Kabla ya kubonyeza kitufe

Kipimo, kipenyo cha biti, sifuri ya Z, postprosesa, vibano. Mambo matano tu. Kisha vaa miwani, vua glavu kwa sababu biti inaweza kuzinasa, na simama karibu na kitufe chekundu cha dharura mpaka mchongo wa kwanza uonekane uko sawa.

Ubao unaweza kununuliwa tena. Kidole hakinunuliki.