Je, kujifunza mapya hutusahaulisha ya kale?

Mtoto wa visiwa vya Lamu hukua akipokea elimu zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Nyumbani husikia Kiamu, Kipate, Kisiu au Kitikuu, kulingana na mahali alipozaliwa. Chuoni huhifadhi Kurani kwa Kiarabu. Shuleni hufundishwa Kiswahili sanifu na Kiingereza. Ndipo linapozuka swali: je, kila jambo jipya linaloingia akilini hulisukuma nje la zamani?

Jibu la wataalamu wa saikolojia ni kwamba akili ya mwanadamu si mtungi unaofurika ukijazwa. Hakuna ushahidi kwamba ubongo wa mtu mwenye afya hufikia kikomo ukawa hauwezi kupokea zaidi. Hata hivyo, elimu mpya yaweza kuifunika ya zamani kwa masharti mawili: iwe inafanana nayo, na ile ya zamani iwe imeachwa bila kutumiwa.

Utafiti wa zaidi ya karne moja

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aligundua kwamba mtu husahau kwa kasi mwanzoni, kisha kasi hiyo hupungua. Aligundua pia kwamba jambo lililoonekana kusahauliwa kabisa hujifunzwa upya kwa muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Kumbe athari yake ilikuwa bado imo.

Mwaka 1900, Georg Müller na Alfons Pilzecker walionyesha kwamba mtu anayejifunza jambo la pili mara tu baada ya la kwanza hulikumbuka la kwanza kwa shida zaidi kuliko aliyepumzika. Mwaka 1924, Wamarekani John Jenkins na Karl Dallenbach walibaini kwamba wanafunzi waliolala baada ya kukariri walikumbuka mengi kuliko walipokesha wakiendelea na shughuli zao.

Mwaka 1931, John McGeoch na mwenzake William McDonald waliuliza ni mambo gani mapya yanayodhuru zaidi. Watu walikariri orodha ya maneno, kisha wakapewa kazi nyingine. Waliopewa maneno yenye maana sawa na yale ya kwanza ndio waliosahau zaidi. Waliopewa tarakimu walisahau kidogo, na waliopumzika walikumbuka vizuri kuliko wote. Kwa hiyo, anayejifunza hesabu au kutengeneza mashine ya boti hana sababu ya kuogopa kwamba atapoteza tenzi alizofunzwa na bibi yake.

'Mato' na 'macho'

Hatari, basi, imo katika vitu vinavyokaribiana, na Lamu inayo mifano mingi. Msemaji wa Kiamu husema 'mato', 'moya', 'nti', 'mai' na 'yeo', pale ambapo Kiswahili sanifu kina 'macho', 'moja', 'nchi', 'maji' na 'leo'. Usanifu huo ulijengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na kazi hiyo ikakabidhiwa kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930. Tangu hapo mtoto wa Lamu amekuwa akiandika darasani neno lililo jirani mno na lile alisemalo nyumbani.

Maneno mawili yenye maana moja hushindana akilini. Kila linapochaguliwa moja, jingine hubanwa kidogo ili lisiingilie. Mwaka 1994, Michael Anderson, Robert Bjork na Elizabeth Bjork walithibitisha kwamba kitendo chenyewe cha kukumbuka jambo moja hudhoofisha uwezo wa kuyakumbuka yale yanayoshindana nalo. Mwaka 2007, Benjamin Levy na wenzake waliwataka wasemaji wa Kiingereza waliokuwa wakijifunza Kihispania wataje picha kwa Kihispania mara nyingi. Baadaye maneno ya Kiingereza ya picha hizohizo yaliwajia kwa uzito. Lakini kwa waliokwisha kukimudu Kihispania vizuri, uzito huo ulipungua. Maana yake ni kwamba ushindani huu huwa mkali zaidi kwa mwanafunzi mchanga.

Anayehama kabisa

Hali ni tofauti kwa mtoto anayeondolewa katika mazingira ya lugha yake. Mwaka 2003, Christophe Pallier na wenzake walichunguza bongo za watu waliozaliwa Korea na kulelewa Ufaransa tangu utotoni. Waliposikilizishwa Kikorea, bongo zao hazikuonyesha tofauti na za Wafaransa wasiowahi kukisikia. Ilielekea kana kwamba lugha ya kwanza imefutika.

Hata hivyo, mwaka 2017 utafiti wa Jiyoun Choi, Mirjam Broersma na Anne Cutler kwa Wakorea waliolelewa Uholanzi ulileta habari njema zaidi. Walipofunzwa sauti za Kikorea, walizitamka vizuri kuliko Waholanzi waliofunzwa pamoja nao. Lugha ilikuwa imezama, haikufa. Familia ya Lamu iliyohamia Mombasa au Nairobi yaweza kupata faraja hapo, lakini pia onyo: kilichozama hakielei chenyewe.

Funzo la chuoni

Walimu wa chuoni wanaijua hatari ya mambo yanayofanana. Kisa cha Adamu na Ibilisi, kwa mfano, kimo katika sura kadhaa, zikiwamo Al-Baqara, Al-Aaraf, Al-Hijr na Taha, kwa maneno yanayokaribiana. Msomaji asiyekuwa makini huanza katika sura moja akajikuta amevuka hadi nyingine. Wanavyuoni wa Kiislamu wameandika vitabu maalumu kuhusu aya za namna hiyo, zijulikanazo kama 'mutashabihati', ili mwenye kuhifadhi azipambanue.

Dawa ya pili ni kudurusu. Anayehifadhi juzuu 30 hasongi mbele kwa sehemu mpya tu. Hurudi nyuma kila mara kuzisoma zile za zamani. Utaratibu huo unaafikiana na matokeo ya maabara: linalokumbushwa mara kwa mara, kwa vipindi vinavyoachana, hudumu. Harry Bahrick, aliyechapisha mwaka 1984 uchunguzi wa watu waliosoma Kihispania shuleni hadi miaka 50 nyuma, alikuta kwamba walisahau mengi katika miaka ya mwanzo, lakini kilichobaki baada ya hapo kilikaa kwa miongo mingi.

Habari za Pate

Historia ya kisiwa cha Pate yatoa ushahidi wake. Inasimuliwa kwamba hati ya asili ya habari za watawala wa Pate ilipotea mwaka 1890, Waingereza walipoushambulia mji wa Witu. Habari hizo hazikupotea pamoja na karatasi. Muhammad bin Fumo Omar al-Nabhani, aliyejulikana kama Bwana Kitini, alikuwa nazo kichwani, na masimulizi yake yakamfikia C. H. Stigand, aliyeyachapisha kwa Kiingereza mwaka 1913. Matoleo mengine yaliyofuata yanatofautiana katika baadhi ya majina na tarehe, kwa sababu kumbukumbu hujengwa upya kila inaposimuliwa. Lakini ilihifadhika kwa kuwa ilisimuliwa.

Kwa hiyo, lawama isielekezwe kwa shule, kwa Kiswahili sanifu wala kwa simu ya mkononi. Mtoto anayejifunza kusema 'macho' hapotezi 'mato' kwa sababu amejifunza. Hulipoteza ikiwa nyumbani hapana tena anayemwambia 'mato'. Mlango wa chumba cha zamani hufunguka kwa kufunguliwa, na ufunguo huo umo mikononi mwa wazazi na wazee wanaoendelea kusema na watoto wao.